Mayai Yasiyo na Macho

Mkuu wa kituo alikuwa ameshaamua. Ukimkuta anakunywa chai polepole, miguu iko juu ya droo iliyovutwa nje, ujue kuna mtu ameshahukumiwa na kilichobaki ni kumtafutia gari.

"Yule mwanamke anakwenda mahakamani leo," alisema. "Jua likifika utosini nataka awe ameshapanda. Nimechoka kupigiwa simu."

"Nani anakupigia?" aliuliza Sajini.

"Watu wenye simu."

Sajini alisimama palepale mbele ya meza. Alikuwa mwanamke mnene, wa makamo, mwenye kutembea kwa kishindo, na kituo kizima kilimwita Kumbukumbu. Hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikumbuka kila jalada lililofungwa haraka, na mkono ulioufunga, na bahasha iliyopita siku moja kabla. Ndiyo maana begani alibaki na mistari yake mitatu, huku vijana aliowafundisha kufunga pingu wakimpanda kama ngazi na kumwacha chini.

"Nipe mpaka gari litoke," alisema.

"Chukua. Ila usirudi hapa na hadithi za kiwanda."

Hadithi ya kiwanda ilikuwa hii. Miaka mingi nyuma, boila la kiwanda cha rangi lililipuka zamu ya mchana. Kampuni ikatangaza kwamba mchochea moto alilala kazini. Mchochea moto hakuweza kujitetea, kwa sababu alikuwa miongoni mwa waliokusanywa kwa koleo. Mtu mmoja tu alisimama hadharani akapinga: katibu wa chama cha wafanyakazi, ambaye tangu siku hiyo jina lake likawa Katibu hata kwa watoto wa mtaa. Alisema valvu ya usalama, ile inayotoa mvuke ukizidi, ilifungwa kwa waya, kwa amri ya ofisi, ili mvuke usipotee bure. Wakamfukuza kazi kwa kosa la kuchelewa. Ikaundwa tume. Tume nayo, kama zilivyo tume zote za wakubwa kuwachunguza wakubwa, ikalala, ikageuka ubavu, ikalala tena, mpaka wajane wengine wakafa wakiisubiri.

Wiki hii ndipo Katibu alipoitwa kwenda kusema mbele ya tume hiyo. Wiki hiihii akakutwa sakafuni, kisogo kimepasuka, ndani ya chumba cha uani alichokuwa akizalishia samaki wa mapambo.

Mkewe, Mama Pacha, ndiye aliyewekwa ndani. Majirani walisikia wakigombana kuhusu umeme unaoliwa na matangi ya samaki. Jioni ya kifo alikuwa nyumbani na mumewe, hakukuwa na mtu mwingine. Mkuu alihesabu moja na moja, akapata mwanamke.

*

Mama Pacha alikuwa amekaa juu ya benchi la mahabusu, viganja vyake vimebabuka kwa sabuni kali ya hospitali alikofulia mashuka. Hakuinuka.

"Wanangu wako kwa nani?"

"Kwa shemeji yako. Mdogo wake marehemu."

"Afadhali. Angalau wako kwa damu yao."

"Nisimulie tena jioni ile. Pole pole."

"Nimeshasimulia mpaka mate yameisha." Alikohoa. "Nilitoka kazini giza linaanza kuingia. Nikakuta kitambaa chekundu kwenye kitasa cha chumba cha samaki. Basi, nikapita."

"Kitambaa ndiyo nini?"

"Ndiyo sheria ya nyumba yangu. Usiku wa mayai kuanguliwa anakitundika, na hakuna kufungua mlango. Mwanga ukiingia, vifaranga vinauharakia, vinajigonga kwenye kioo mpaka vinakufa. Hata mimi mwenye nyumba nisiingie! Pacha wakitaka kumuaga baba yao, wanamuaga kupitia tundu la ufunguo."

"Uliwahi kumwita?"

"Tulikuwa tumenuniana. Tangu wiki iliyopita hatusemeshani. Asubuhi nilitoka sikumuaga, jioni nikarudi sikumsalimu, nikalala." Alisugua viganja vyake. "Asubuhi yake nikaona kimya kimezidi. Nikagonga, nikagonga, nikaogopa kufungua peke yangu, nikampigia shemeji. Akaja, akasukuma mlango."

"Mchana ulikuwa wapi?"

"Kwenye mashine za kufulia, na mnyapara wangu amenisimamia kama jini. Muulize. Lakini hamtaki kuniuliza ya mchana. Ninyi mnanitaka jioni."

Hapo alisema kweli. Daktari wa maiti alikuwa ameeleza kwamba chumba kilikuwa na joto la matangi, mwili ulichelewa kupoa, na saa ya kufa angeweza kuikadiria tu: baada ya chakula cha mchana, kabla usiku haujakolea. Kilichoibana ile saa ikawa jioni ni maneno ya mtu mmoja. Mdogo wake marehemu aliandikisha kwamba alipita uani akielekea zamu ya usiku, akamwita kaka yake, na kaka yake akamwitikia.

*

Mtu aliyekuwa akinunua samaki kwa Katibu aliitwa Gamba, yeye na duka lake pia. Alikuwa mwembamba, mwenye midomo ya kubeza kila kitu, na ndiye aliyekuwa mshukiwa wa kwanza kabla Mkuu hajachoka kutafuta. Yeye na Katibu walikuwa wamerushiana maneno mbele ya watu kwa sababu ya samaki jike mmoja ambaye Gamba alidai alimkopesha tu. Sajini alimchukua dukani, akampeleka kwenye chumba cha uani, akafungua kufuli la polisi, akamsukuma mbele.

"Unanileta nione damu?" alisema Gamba. "Mimi damu naiogopa. Ndiyo maana nauza samaki wa kuangaliwa, siuzi wa kukaangwa."

"Ingia. Wanahitaji kulishwa."

Joto liliwapiga usoni. Chumba kilikuwa chembamba. Ukutani yalipangwa matangi ya kioo juu ya vyuma, pampu zikinguruma kwa sauti ya mtu anayekoroma. Pembeni zilisimama ndoo za maji ya kijani, mazito kama supu ya mboga, ambamo Katibu alifuga vijidudu visivyoonekana kwa macho: chakula cha vifaranga. Sakafuni chaki ya polisi ilikuwa imechora mtu aliyelala kifudifudi.

Gamba aliruka ile chaki kama mtu anayeruka mtaro. Akaenda moja kwa moja kwenye tangi la wazazi. Humo, kwenye maji ya bahari, mlikuwa na samaki wawili tu wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, wale ambao wauzaji wanawaita klauni. Mkubwa alimrukia kidole kupitia kioo.

"Huyo ndiye jike wangu," alisema. "Mkali kama mama mkwe. Kwa klauni mwanamke ndiye mkubwa, mume ni kale kadogo. Jike anataga, mume analea." Akainama. "Sasa wewe mume, unafanya nini?"

Yule dume mdogo alikuwa kwenye kona, anapepea mapezi yake kwa bidii mbele ya kioo kitupu. Anapepea, anasogea, anang'ata kioo kama anakisafisha, anarudi kupepea.

"Analea nini?" aliuliza Sajini.

"Ndilo ninalojiuliza. Hapo pana kigae siku zote. Wanatagia juu ya kigae, dume anayapepea mayai yapate hewa, yale yaliyooza anayang'oa kwa mdomo. Nani kakitoa kigae?"

Sajini alinyoosha kidole kwenye tangi lililopakwa rangi nyeusi pande zote. Hilo lilikuwa tangi la vifaranga. Polisi walikuta kigae humo siku ya maiti, wakakiandika kama kilivyo, na kwa kuwa hakuna aliyejua maana yake, wakaendelea na mambo ya watu wazima.

"Ooh, alikihamishia huko," alisema Gamba. "Ndivyo inavyofanywa. Jioni ya kuanguliwa unakitoa kigae kwa wazazi, maana vifaranga vikianguliwa huko wazazi wenyewe wanavitafuna. Unakiweka kwenye tangi jeusi, chini unaweka jiwe la hewa, mapovu yanafanya kazi ya baba. Unazima taa zote. Giza likikamilika, vinatoka." Alikuwa ameshafika. Akatumbukiza mkono, akakishika kigae, akakiinua kidogo kuelekea mwanga.

Akakigeuza, akakigeuza tena, akakunja uso.

"Nini?"

"Nani kafanya upumbavu huu?"

"Sema nielewe."

"Tazama mwenyewe." Juu ya kigae palikuwa na zulia dogo la punje, nyingi zimefunikwa na ukungu mweupe kama mkate uliosahauliwa. Zilizobaki zilikuwa za rangi ya chungwa iliyoanza kufifia. "Yai likitagwa ni chungwa tupu. Siku zinavyokwenda linakuwa la kahawia, kisha macho yanaonekana. Macho yanang'aa kama vichwa vya sindano. Yai likiwa tayari, unatazamwa na kigae kizima. Haya yana macho?"

"Siyaoni."

"Hayana! Na tayari yana siku humu ndani. Siku alipokufa Katibu yalikuwa mabichi kabisa, pengine ndiyo kwanza yametagwa. Kuyatoa kwa baba yao wakati huo ni kuyaua. Katibu asingeyagusa hata umwekee bunduki."

"Pengine alikosea. Alikuwa na mawazo, wiki ile ilikuwa ya tume."

"Afande, unaweza kukosea ukautoa mkate jikoni kabla hujawasha moto?"

Sajini alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Pampu zilikoroma.

"Kwa hiyo usiku ule haukuwa usiku wa kuangua," alisema.

"Hata karibu."

"Na kitambaa chekundu hakikutundikwa na Katibu."

Gamba alimtazama, kisha akaitazama chaki, kisha akarudi nyuma hatua moja. "Mimi usinitazame hivyo. Ningekuwa nimemuua mimi, ningekiacha kigae mahali pake. Hata ningekuwa na damu mikononi, nisingeua mayai ya jike wangu mwenyewe."

"Najua," alisema Sajini. "Umejiokoa kwa kujua. Sasa niambie: nani mwingine alijua kitambaa, na kuhamisha kigae, na giza, lakini hakujua habari ya macho?"

"Mkewe anajua kitambaa."

"Mkewe wakati wa mchana alikuwa na mashuka. Anayejisumbua kuonyesha kwamba Katibu alikuwa hai jioni ni mtu ambaye jioni alionekana kwingine na mchana hakuonekana popote. Mama Pacha kinyume chake. Angepanga hivi, angekuwa anajifunga kamba mwenyewe."

Gamba alifuta mkono wake kwenye suruali, polepole.

"Kila Katibu alipotualika kuja kuona vifaranga vikitoka," alisema, "mdogo wake alikuwepo. Alipenda sana. Anafika jioni, anakuta kaka anahamisha kigae, taa zinazimwa, tunakaa gizani kama wezi, kisha Katibu anamulika kwa kitochi chekundu, tunaona vumbi hai linacheza. Siku za kati, za kulea, sijawahi kumwona. Alikuja kwenye mavuno. Kulima hakuwahi."

*

Mdogo wake Katibu aliitwa, akafika na ovaroli mpya ya buluu, yenye neno MSIMAMIZI limeshonwa kifuani. Kiwanda kilikuwa kimempandisha cheo wiki ileile. Sajini alimpokea kwenye mlango wa chumba cha samaki, akampa mkono. Gamba alisimama ndani, mgongo kwenye ukuta.

"Pole na msiba, mdogo wangu."

"Nimepoa, afande. Lakini zamu inaningoja."

"Hatutakawia. Maneno yako ya juzi yaliandikwa na mwenzangu mwenye mwandiko wa kuku. Nataka niyasikie kwa masikio yangu. Ulipita hapa?"

"Jioni, nikielekea kazini. Kitambaa kilikuwa kwenye kitasa. Nikamwita, 'Kaka!' Akaniitikia."

"Akasemaje?"

"'Dogo, nenda kazini, mimi nangoja vifaranga.'"

"Alitaja vifaranga, au wewe ndiye unatia viungo?"

"Alitaja, afande. Alisema, 'Leo vinaanguliwa.' Hata furaha niliisikia kwenye sauti yake."

"Uliisikia furaha."

"Ni kaka yangu. Namjua."

"Na asubuhi, ulipousukuma mlango, uliingia mpaka wapi?"

"Hapahapa. Nilipomwona nikapigwa na butwaa, miguu ikagoma. Sikuvuka kizingiti."

"Hukugusa tangi? Hukutia mkono kwenye maji?"

"Maji ya nini? Mimi mambo ya samaki siyajui, naangalia tu."

"Hilo nalo nimeliamini," alisema Sajini. Akamgeukia Gamba. "Kitoe."

Gamba alikitoa kigae kwa mkono wa kushoto, kikidondosha maji, akakishika mbele ya uso wa yule mtu.

"Haya ndiyo mayai ambayo kaka yako alikuwa anayangoja kwa furaha," alisema Sajini. "Mwambie, Gamba."

"Haya hayakuwa ya kuanguliwa jioni ile," alisema Gamba. Sauti yake haikuwa na mzaha tena, ila mdomo wake haukujua njia nyingine. "Kungoja vifaranga kwenye mayai haya ni sawa na kungojea mtoto wa bi harusi ambaye bado anateremka garini. Kaka yako alijua. Kila anayelea anajua."

"Pengine... pengine nilisikia vibaya."

"Ulisikia mpaka furaha," alisema Sajini.

Sajini akamshika yule mtu mkono wa kulia, taratibu, kama muuguzi anayetafuta mshipa. Juu kidogo ya kiwiko, ovaroli mpya ilikuwa na mstari mweupe uliozunguka mkono mzima, uliokauka, wenye chengachenga.

"Hii nini?"

"Rangi. Si nafanya kazi kiwanda cha rangi?"

"Ovaroli ya msimamizi hairukiwi na rangi. Ndiyo raha yake." Sajini alikwangua mstari ule kwa ukucha, akauweka ncha ya ulimi. "Na rangi yenu mnaitia chumvi?"

Gamba aliinua mkono wake wa kulia, aliotumbukiza asubuhi ile kwenye tangi. Kwenye shati lake, palepale juu ya kiwiko, ulikuwepo mstari uleule. Maji ya bahari yakikauka kwenye nguo hayafichiki.

Yule mtu alikaa chini, juu ya kizingiti ambacho alisema hakukivuka.

"Aliniuma," alisema.

"Nani?"

"Yule jike. Nilipokitoa kigae. Aliniuma mkono, akaniuma tena, kama anajua." Alikuwa anajisugua kidole. "Walisema kaka anyamaze tu. Hawakusema adanganye. Anyamaze tu, aseme anaumwa, tume ipite."

"Wakina nani?"

"Meneja utumishi. Ofisini kwake. Ndiye aliyenipa hii." Aliivuta ovaroli kifuani. "Akasema, cheo ni chako, ila mtu asiyeweza kusimamia nyumbani kwao atasimamiaje zamu? Nikaja mchana, shemeji akiwa kazini. Nilimpigia magoti kaka, afande. Mimi mtu mzima. Nikamwambia, wale waliokufa hawatarudi, sisi tuko hai, nina mke, nina kodi. Yeye anakoroga ndoo yake. Hakugeuka hata. Akasema, 'Hiyo ovaroli imekukaa vizuri.' Basi. Hilo tu. Akanipa mgongo."

"Ukampiga na nini?"

"Spana ya bomba. Nilikuwa nayo mfukoni, ya kazi."

"Iko wapi?"

"Kwenye mtaro wa nyuma ya kiwanda."

"Halafu?"

"Halafu nikataka kukimbia, nikakumbuka kitambaa." Aliinua uso. "Nikiweka kitambaa, hakuna anayefungua. Na nikiweka kigae, watasema alikuwa hai jioni. Nikafanya kila kitu alichokuwa anafanya, afande. Kila kitu. Jiwe la hewa nikaliweka sawasawa. Nilidhani kigae ni kigae."

Sajini alimfunga pingu. Kabla ya kumpeleka kituoni alipitia nyumbani kwa mtuhumiwa huyo. Mkewe alikuwa anawalisha pacha, kila mmoja na kijiko chake. Sajini aliwabeba wote wawili, mmoja kila nyonga, akawapeleka kwa mwanamke aliyefua mashuka pamoja na mama yao, akarudi bila kumweleza yule mke jambo lolote. Angejua tu. Habari za namna hiyo hazihitaji polisi kuzitembeza.

*

Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Miguu aliiteremsha kutoka kwenye droo pale aliposikia neno meneja.

"Kazi nzuri," alisema. "Ugomvi wa ndugu. Andika hivyo."

"Ametumwa."

"Amesema ametumwa. Muuaji gani husema alijituma?"

"Cheo kipo. Ovaroli ipo. Tume ipo. Na valvu—"

"Sajini." Mkuu aliinama mbele, sauti ikapungua. "Mimi na wewe tulikuwa askari wadogo boila lilipopasuka. Uliwekwa langoni na mimi niliwekwa langoni. Unadhani nimesahau harufu? Lakini sikiliza. Ukiandika ugomvi wa ndugu, yule mwanamke anatoka sasa hivi, kwa miguu yake, kwa watoto wake. Nitasaini mimi. Ukiandika kiwanda, hii ni kesi nyingine, kubwa. Kwenye kesi kubwa kila mshukiwa hubaki ndani mpaka ukweli ujulikane. Yeye akiwemo. Nitasaini hilo pia."

"Huna ushahidi wowote juu yake."

"Nina gari limewashwa. Na kule mbele nina hakimu ambaye naye ana simu."

Sajini alikuwa ameyaona mengi ndani ya jengo lile, na yote aliyakumbuka, lakini siku zote wakubwa walikuwa wamefanya biashara zao nyuma ya mlango. Hii walimpa aibebe mkononi.

*

Alimweleza Mama Pacha yote, amesimama, bila kulainisha. Alipofika kwenye jina la shemeji, mwanamke yule aliweka kiganja kwenye ukuta, akakiacha hapo. Hakulia. Alipumua kwa mdomo, kama mtu aliyebeba ndoo kupanda ngazi.

"Alikula kwangu," alisema mwishowe. "Asubuhi ile, baada ya kumwona kaka yake pale chini. Nilimpa chai. Nilimwambia, 'Shemeji, kunywa, usianguke.'" Akafunga macho. "Wanangu?"

"Kwa mwenzako wa kufulia. Nimewapeleka mwenyewe."

"Wa pili hali uji wenye madonge. Auchuje."

"Nitamwambia."

"Na asiwalaze mbalimbali. Hawajazoea."

Huko nje dereva alipiga honi. Sajini alimweleza masharti ya Mkuu, neno kwa neno. Mama Pacha alisikiliza akiitazama mikono yake iliyobabuka.

"Zaidi ya mume wangu, nani anajua habari ya ule waya?"

"Walio hai na wanaokubali kusema? Hakuna."

"Nipo mimi." Alisema hivyo kwa kuchoka, bila kujivuna. "Miaka yote hiyo nimelala kitanda kimoja na hiyo valvu. Najua aliyefunga, najua aliyemwamuru, najua walikuwa wamesimama wapi. Nimesikia mpaka nikamwambia, baba, hebu nisimulie habari ya samaki basi. Sasa nikitoka leo, nikarudi nyumbani na hayo yote kichwani, na kwenye karatasi imeandikwa ugomvi wa ndugu. Watamtuma nani safari ijayo? Shemeji nilikuwa naye mmoja tu. Watatafuta jirani. Watatafuta mnyapara wangu. Na wanangu watakuwa ndani ya nyumba."

Sajini alitoa kalamu mfukoni.

"Andika kiwanda," alisema Mama Pacha.

"Utabaki ndani, mama. Siwezi kukuambia mpaka lini."

"Nimekuuliza mpaka lini?" Alimkazia macho. "Na usinitazame hivyo, mimi si shujaa. Ningeweza kwenda nyumbani nikawa salama, ningeshavaa viatu."

Sajini aliegemeza karatasi ukutani, akaandika kwa kusimama. Aliandika kiwanda, akaandika cheo cha meneja, akaandika ovaroli, na spana, na mtaro. Mama Pacha alimtaka asome kwa sauti. Akasoma. Mama Pacha alimkatiza.

"Hapo futa. 'Valvu ilikuwa na hitilafu', hayo ni maneno yao. Haikuwa na hitilafu. Ilifungwa."

Sajini akafuta, akaandika ilifungwa.

"Kwa amri."

Akaandika kwa amri.

Mlango wa korido ukafunguliwa, askari kijana akasimama na pingu mkononi, akiuliza kama mtuhumiwa yuko tayari. Mama Pacha alijifunga kitambaa chake cha kichwa upya, akainuka, akanyoosha mikono. Sajini alimnyang'anya yule kijana pingu, maana alikuwa amemfundisha mwenyewe na alijua jinsi anavyokaza, akamfunga Mama Pacha kwa mkono wake, juu ya mahali palipobabuka, akaacha nafasi ya kidole.